Furaha ya Paris na Kilio cha Kinyoro

Haya ni maneno ya mfanyakazi wa huduma za jamii aliyezungumza na vikundi vya akina mama na vijana kutoka Kitale na Bungoma. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza machache tu.

Wazazi wangu, viongozi wa vikundi, na ninyi vijana ambao naona mmekaa karibu na mlango ili mtoke haraka, nisikilizeni.

Nimeombwa nizungumze juu ya michezo na familia. Aliyeniomba nadhani alitaka niseme kwamba michezo ni mizuri, inawaepusha vijana na chang'aa na bangi, halafu twende tukanywe chai. Hayo mnayajua. Mimi nataka tuzungumze juu ya sisi ambao hatukimbii, sisi tunaokaa tu mbele ya televisheni na kupiga kelele. Tukimwona mtu akishinda tunasema, "Huyu ni wetu." Nataka tuliangalie neno hilo. Maana mwaka 2024, katika muda wa mwezi mmoja hivi, eneo letu hili lilipata furaha kubwa sana, na furaha hiyo haijapoa likapata kilio ambacho wengine wetu hatujakimaliza mpaka leo.

Wacha nianze na furaha, kwa sababu nayo ni ya kweli na sitaki mtu aione kama upuzi.

Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024 nilikuwa kwa jirani hapa Kitale. Chumba ni cha watu sita, tulikuwa kama ishirini na tano. Watoto walikuwa wamepanda juu ya magunia ya mahindi ya mwaka uliotangulia, na kila mtu alikuwa akiomba jambo moja, stima isipotee. Huko Paris ilikuwa fainali ya mbio za mita 800 za wanaume, na mbele pale alisimama kijana wa Trans Nzoia, Emmanuel Wanyonyi, aliyekuwa ametimiza miaka 20 siku tisa tu zilizopita.

Mita 800 ni mizunguko miwili. Hata maji ya chai hayawezi kuchemka katika muda huo. Kijana alishika mbele mapema, akapita kengele akiwa mbele, na sisi tukaanza kusimama mmoja mmoja bila kujua tunasimama. Walipoingia mita mia za mwisho, yule Mkanada mrefu, Marco Arop, akaanza kuja. Huyo ndiye aliyemshinda Wanyonyi mwaka 2023 kule Budapest kwenye mashindano ya dunia, kwa hiyo tulimjua na tulimwogopa. Alikuja, akaja, akaja. Kwenye mstari wote wawili waliinamisha vifua, na kwa macho hukuweza kusema ni nani. Chumba kikanyamaza kabisa. Halafu namba zikatokea: Wanyonyi dakika 1 na sekunde 41.19, Arop 1:41.20. Tofauti ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukipepesa jicho imekwisha kupita mara nyingi.

Kelele zilizofuata nadhani zilisikika Kiminini. Lakini mimi nilimwangalia mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami, mama wa makamo, mjane. Hakupiga kelele. Alikuwa akilia, na si kile kilio cha furaha tunachoona arusini. Alikuwa akirudia maneno haya tu, "Alikuwa anachunga ng'ombe. Alikuwa anachunga ng'ombe."

Na ni kweli. Wanyonyi alitoka katika familia ya watoto wengi, na akiwa na umri wa kama miaka kumi aliacha shule, akawa mchunga ng'ombe ili nyumbani wapate kitu. Baadaye alirudi shuleni, upande wa Nandi, na Janeth Jepkosgei, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, akamwona na kumlea kimichezo. Mwaka 2021 akawa bingwa wa dunia wa vijana pale Nairobi. Mnaelewa kwa nini yule mama alilia. Wavulana wachunga ng'ombe tunao kila upande. Mimi kwa kazi yangu nimewaandika majina wengi, kutoka Endebess mpaka Kapsokwony, watoto wa miaka tisa, kumi na moja, wanaolipwa maziwa na shati kuukuu, na baba anasema, "Shule atarudi mwaka ujao." Yule mama alikuwa na mmoja wa namna hiyo nyumbani. Alipoona kijana amefunikwa bendera, nadhani hakumwona Wanyonyi peke yake.

Na jina lenyewe! Kutoka Kimilili mpaka Chwele, ni boma gani la Wabukusu lisilokuwa na Wanyonyi, mtoto wa msimu wa palizi? Kwa miaka mingi tuliambiwa mbio ni za ndugu zetu Wakalenjin, na sisi kazi yetu ni mpira na kuhuzunika kwa ajili ya AFC Leopards. Siku ya Jumatatu nilikuwa Bungoma kwa kazi, na pale stendi kila kijana aliyeitwa Wanyonyi alikuwa akisalimiwa kama aliyetoka Paris jana. Mmoja alikuwa anauza miwa, na naambiwa aliuza yote kabla ya saa nne.

Usiku ule ule Faith Kipyegon alishinda mita 1500 kwa mara ya tatu mfululizo katika Olimpiki, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya, na Ronald Kwemoi akapata fedha katika mita 5000. Siku chache kabla, tarehe 5, tulikuwa tumekasirika sana Kipyegon aliponyang'anywa medali yake ya fedha ya mita 5000, halafu rufaa ikakubaliwa akarudishiwa. Beatrice Chebet yeye alichukua dhahabu mbili, ya mita 5000 na ya mita 10,000. Kwa jumla Kenya ilitoka Paris na medali 11, nne za dhahabu. Ninayapita haraka kwa sababu mnayajua, na wengine hapa mnayajua kuniliko.

Lakini tazameni ni nani walikuwa katika chumba kile. Alikuwako Mbukusu, Msabaoti, Mturkana, Mkikuyu wa duka, na mwalimu mmoja Mteso. Wazee wawili kati yao walifukuzwa mashamba yao wakati wa mapigano ya ardhi ya mwaka 1992, na sitasema ni nani alimfukuza nani. Wengine waliponea chupuchupu zile shida za Mlima Elgon za 2006 mpaka 2008. Mimi nimeketi katika mikutano ya upatanisho saa nne nzima, na watu wale wale hawakuweza kupeana hata mkono. Usiku ule walikumbatiana kwa sababu ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana nasema furaha hii si upuzi. Sijui warsha gani ingeweza kufanya hivyo.

Na jambo hili si la juzi. Wazee watakumbuka Seoul, mwaka 1988, Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa hapa hapa Kitale, alipotoka nyuma na kuwapita wote katika mita 800. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka redio na baba akipiga meza. Na kabla ya hapo alikuwako Ben Jipcho, mtu wa Mlima Elgon, aliyeaga dunia mwaka 2020. Huyu nampenda kuliko wote, mnisamehe. Mwaka 1968 huko Mexico, katika fainali ya mita 1500, alikubali kukimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi ya ajabu ili kumchosha Mmarekani, Jim Ryun, na kumfungulia njia Kipchoge Keino. Keino akapata dhahabu. Jipcho akamaliza wa kumi. Alijua tangu mwanzo kwamba hatapata kitu siku ile. Baadaye alipata zake, fedha ya Munich mwaka 1972 katika kuruka viunzi na maji, na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola mwaka 1974. Lakini watu wa umri wangu wakitaja Jipcho wanataja ile nafasi ya kumi.

Sasa nije kwa jambo lililonileta.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Agosti. Marathoni ya wanawake ilianza saa tatu kwa saa zetu. Waliotoka Misa ya kwanza walipita moja kwa moja kwa jirani yule, na wa Misa ya pili nadhani Baba Paroko alijionea mwenyewe nafasi kwenye mabenchi. Tulimtazama Hellen Obiri. Kamera iliwafuata wale wa mbele mpaka mwisho, Sifan Hassan akachukua dhahabu, Tigst Assefa fedha, na Obiri wetu shaba. Tulipiga makofi, tukazima televisheni, tukaenda kupika.

Televisheni ilipozimwa, nyuma kule walikuwa bado wanawake wengi barabarani wakikimbia. Mmoja wao alimaliza wa 44. Jina lake Rebecca Cheptegei, miaka 33, raia wa Uganda, kwao Bukwo, ng'ambo ya mlima wetu. Mwaka 2022 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani kule Chiang Mai, Thailand. Na nyumba yake ilikuwa Kinyoro, Endebess. Alikuwa amenunua shamba hapo akajenga, ili awe karibu na mahali pa mazoezi. Ukipanda matatu hapa Kitale, hata kabla hujasinzia umefika.

Majuma matatu baadaye, Jumapili kwa Jumapili, tarehe 1 Septemba, alikuwa ametoka kanisani na binti zake. Polisi walisema mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimvizia pale nyumbani, akammwagia petroli na kumwasha moto. Watoto waliona. Majirani waliukimbilia ule moto na kuuzima, na Mungu awabariki. Alipelekwa Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi, akafariki tarehe 5 Septemba. Yule mwanamume naye aliungua, akafa siku chache baadaye, kwa hiyo hakuna kesi iliyosikizwa na hakuna aliyejibu. Mzozo ulikuwa juu ya shamba lile na nyumba ile. Baba yake mzazi alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko kwa polisi kabla ya hayo kutokea.

Huko Paris, meya alitangaza kwamba uwanja mmoja wa michezo utapewa jina lake. Huku kwetu mimi nilisikia nini? Niko kwenye matatu kutoka Kitale kuja Bungoma, juma lile lile, abiria wanazungumza. Mmoja akasema, "Yule kwanza si wetu, ni wa Uganda." Mwingine akasema, "Na hayo ni mambo ya nyumbani kwao." Na gari likaendelea.

Si wetu! Tarehe 2 Agosti, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliposhinda mita 10,000 kwa rekodi ya Olimpiki, akina kijana wa upande wa Kapsokwony walishangilia mpaka sauti zikakauka, ingawa alivaa nguo za Uganda na kuwashinda Wakenya. Walisema ni mtu wa mlima, lugha ni moja, babu ni mmoja. Kwa hiyo mpaka wa Suam hauonekani kukiwa na dhahabu, lakini unaonekana vizuri sana nyumba ikiungua.

Na tuseme ukweli, angekuwa Mkenya kabisa ingekuwa vivyo hivyo. Agnes Tirop alikuwa wa nne katika mita 5000 za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na Septemba ya mwaka huo akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake peke yao. Kama mwezi mmoja baadaye, Oktoba, alikutwa nyumbani kwake Iten amechomwa kisu. Alikuwa na miaka 25. Aprili 2022, Iten hiyo hiyo, Damaris Mutua, aliyezaliwa Kenya na kukimbilia Bahrain, naye akakutwa amekufa. Wanariadha wenzake Tirop waliunda kikundi kinachoitwa Tirop's Angels ili wasichana wapate mahali pa kusema kabla mambo hayajafika huko.

Jinsi mambo yanavyoanza, ninyi akina mama mnaweza kunisimulia badala yangu. Msichana ana miguu, bado yuko shuleni. Anatokea mwanamume amemzidi umri, anamnunulia viatu, anasema, "Mimi nitakuwa kocha wako, nitakuwa meneja wako." Wazazi wanafurahi, maana viatu vile bei yake ni mbuzi wawili. Wanaanza kukaa pamoja, hakuna posa, hakuna ndoa, hakuna mzee aliyeitwa. Pesa ya kwanza ikiingia, akaunti ni ya nani? Shamba likinunuliwa, jina gani limeandikwa? Siku msichana akiuliza maswali hayo mawili, ndiyo siku vita inaanza. Na akija kulia nyumbani, anaambiwa na sisi wazazi, "Vumilia mwanangu, kila nyumba ina mambo yake."

Msinielewe vibaya, hili si jambo la wakimbiaji tu. Mimi kwa ofisi yangu sipokei mabingwa. Napokea mama wa kuuza omena Webuye, ambaye mume anasubiri siku ya chama ndipo arudi nyumbani. Napokea msichana mwalimu wa chekechea aliyenunua ploti kwa mkopo, na sasa kijana aliyemwacha analala kwenye ile nyumba na panga chini ya kitanda. Wale wakimbiaji tunawajua kwa sababu tuliwaona kwenye televisheni. Hawa wengine hawajawahi kuonekana popote.

Naomba kusema mambo machache ya kazi, kisha niwaachie.

Kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Wengi wanafikiri ni ya waliofunga ndoa tu. Hapana. Hata mchumba, hata mliokaa pamoja bila ndoa, hata mlioachana. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumkataza mtu kukukaribia au kuingia unapoishi, na akivunja amri hiyo ni kosa la kushtakiwa. Karatasi peke yake haizuii petroli, najua, tusidanganyane. Lakini chifu mwenye karatasi ile mkononi hawezi tena kukuambia mkaelewane nyumbani. Simu ya kuripoti ni 1195, haina malipo, mchana na usiku. Ya watoto ni 116. Andikeni kwenye ukuta wa jikoni, si kwenye simu ambayo mwenye nyumba anaishika.

Ukienda kuripoti, usiende peke yako. Hapa vikundi vyenu vina kazi. Nimeona mara nyingi mwanamke mmoja akifika kwenye meza ya ripoti anaambiwa arudi kesho, lakini wakifika wanane na vitenge vya kikundi, kalamu inapatikana. Na ninyi wazee wa mitaa, ukisikia kelele za shamba kati ya watu wawili walioachana, hiyo si kesi ya ng'ombe kuingia mahindi. Usiiweke mpaka wiki ijayo.

Wazazi wenye mabinti wanaokimbia, na najua mko watatu hapa, mwende na binti benki wenyewe. Mwende naye ofisi ya ardhi. Msione haya, mlimfunza kutembea.

Septemba 2025 tulikaa tena kwa jirani yule. Safari hii ilikuwa Tokyo, mashindano ya dunia, na Wanyonyi akashinda tena, 1:41.86, wote watatu wa mbele wakiwa ndani ya sehemu ya kumi moja ya sekunde. Siku ya pili yake Lilian Odira, mama wa watoto wawili, akashinda mita 800 za wanawake na kuvunja rekodi ya mashindano iliyokaa tangu 1983. Tulipiga kelele vile vile. Mimi nilipiga pia, na nitapiga tena. Ila yule mama mjane niliyewaambia, safari hii aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu. Watu wanaruka ruka, yeye anamtazama Odira pale kwenye televisheni, akauliza, "Na huyu, akifika nyumbani, nani anamfungulia mlango?"

Nimemaliza sehemu yangu. Chai iko tayari, lakini kabla ya chai kuna dada kutoka upande wa Endebess ambaye ameomba nafasi ya kuzungumza. Hakutaka jina lake litajwe, na naomba kwenye jarida pia lisiandikwe. Vijana wa pale mlangoni, fungeni mlango huo mkae. Karibu, dada.